Daniel O'Connell: Wakili aliyegeuzwa Abunuwasi na wanakijiji wa Ireland

Hebu nikuulize swali la kijinga. Yai likishachemshwa, linaweza kutoa kifaranga?

Usicheke. Kuna kesi nzima iliyosimama juu ya swali hilo, na wazee wa vijijini Ireland waliisimulia kando ya moto kwa zaidi ya miaka mia moja. Baharia mmoja maskini aliingia kwenye hoteli ndogo, akala mayai ya kuchemsha, meli ikang'oa nanga kabla hajalipa. Miaka ikapita. Jamaa akapata pesa, akarudi kulipa deni lake kama mtu muungwana. Mwenye hoteli naye akatoa kalamu akaanza hesabu: hayo mayai yangeanguliwa yangekuwa vifaranga, vifaranga vingekuwa kuku, kuku wangetaga mayai mengine, nayo yangeanguliwa pia. Alipomaliza kujumlisha, bili ya mayai ilikuwa imefika bei ya shamba!

Wakaenda kortini. Siku ya kesi wakili wa baharia haonekani. Hakimu amekasirika, yuko karibu kutoa uamuzi, ndipo mlango unafunguka na kuingia jamaa mmoja mwili jumba, anahema. Anaomba radhi. Amechelewa, anaeleza, kwa sababu asubuhi yote alikuwa anachemsha njegere za kupanda shambani. Hakimu anamwuliza ni mwendawazimu gani anayepanda mbegu iliyochemshwa. Basi hapo hapo kesi imekwisha, na wewe ushajua kwa nini.

Wakili huyo kwenye hadithi ni Daniel O'Connell. Hii stori ya mayai haikuanzia Ireland. Uturuki wanaisimulia na Nasreddin Hodja ndani yake, na kwingine wana majina yao. Lakini O'Connell hakuwa mtu wa kubuni. Alizaliwa, akaoa, akadaiwa madeni, akafungwa jela, akafa. Kilichompata ni kile kilichompata Abunuwasi wetu wa pwani. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, lakini sisi tunamjua kama mjanja aliyemchezea sultani kila siku. Watu wakimpenda mtu, wanamvisha hadithi zao zote bora. Kwa hivyo leo nitakupa maisha ya O'Connell na hadithi zake pamoja, maana ukivitenganisha unabaki na nusu mtu.

Mtoto aliyemchoma babake

Alizaliwa tarehe 6 Agosti 1775 karibu na mji wa Cahersiveen, jimbo la Kerry, kona ya kusini magharibi kabisa mwa Ireland, mahali milima inapoingia baharini. Kwao hawakuwa maskini, lakini desturi ya hapo ilikuwa mtoto mchanga apelekwe kulelewa na familia ya wafanyakazi wa shamba. Daniel akaishi kwenye kibanda cha mchungaji hadi alipofika kama miaka 4, akiongea Kiairishi tu, akiamini kabisa kwamba hao ndio wazazi wake.

Siku moja, wanasema, babake wa kuzaliwa, Morgan O'Connell, alikuja kumtembelea. Akamwuliza kijana kama amewahi kuonja nyama ya kondoo. Mtoto kwa moyo mweupe akajibu ndio, kwani baba alichinja kondoo mmoja wa Morgan O'Connell. Fikiria uso wa yule mchungaji! Mimi kila nikiipitia hii naona jinsi kijiji kizima kilivyoicheka: tajiri ameibiwa, mwizi ndiye anamlelea mwanawe, na shahidi wa upande wa mashtaka ana miaka 4.

Lakini chini ya huo utani kulikuwa na mambo mazito. Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na ingawa watu wengi walikuwa Wakatoliki, sheria ziliandikwa kuwabana Wakatoliki hao hao. Hawangeweza kuketi bungeni. Hadi 1792 hawangeweza kuwa mawakili. Kwa miaka mingi kulikuwa na sheria kwamba Mkatoliki asimiliki farasi wa zaidi ya pauni 5. Ukiwa na farasi wa nguvu, Mprotestanti yeyote angeweza kukupatia pauni 5 na kuondoka naye, na huna pa kulalamika.

Watu wakajifunza kuishi pembeni mwa sheria. Baba mkubwa wa Daniel, Maurice, alikuwa na nyumba pale Derrynane, ufuoni, na utajiri wake mwingi ulipitia usiku: mvinyo na bidhaa nyingine za magendo kutoka Ufaransa na Uhispania. Mzee huyu alijulikana kwa jina la utani lililotokana na kofia yake ya kuwindia. Aliivaa kila mahali kwa sababu serikali ilitoza ushuru kofia za manyoya, naye hakuwa tayari kuipa serikali hata senti. Aliishi miaka 97. Hakuwa na watoto, kwa hivyo alimchukua Daniel akamlipia karo.

Kitabu badala ya mkuki

Karo hiyo ilimpeleka Ufaransa 1791, kwa kuwa kwao elimu ya juu ya Mkatoliki ilikuwa taabu. Wakati mbaya ajabu. Mapinduzi yalikuwa yamepamba moto, na Daniel na nduguye walitoroka Januari 1793, siku zile zile Mfalme Louis wa 16 alipokatwa kichwa. Kijana wa miaka 17 aliona umati wenye hasira unavyoweza kugeuka kuwa mashine ya kuua. Hakusahau.

Akasomea sheria London, kisha Dublin, na Mei 1798 akawa wakili. Wiki hiyo hiyo, fikiria, uasi mkubwa ulilipuka Ireland. Maelfu waliuawa, wengi wao wakulima wenye mikuki mbele ya mizinga. O'Connell akatoka huko na imani moja aliyoishikilia hadi kaburini: uhuru unaodai damu ya watu wako ni ghali kupita kiasi.

Mwaka wa 1802 akamwoa Mary, binti wa ukoo wao, kwa siri. Kwa nini siri? Msichana hakuwa na mahari, na ule mzee wa kofia alikuwa amemchagulia mwanawe mke mwenye mali. Habari zilipovuja, mzee aliwaka. Mwishowe urithi uligawanywa na ndugu wengine, ingawa Derrynane yenyewe Daniel aliipata mzee alipofariki 1825. Yeye na Mary walipata watoto 12, 7 wakaishi hadi utu uzima, na barua walizoandikiana kwa miaka mingi zipo hadi leo. Pesa ndiyo haikukaa. O'Connell alikuwa mtu wa kufungulia kila mgeni mlango na kila muuzaji mfuko, na madeni yalimfuata kama kivuli.

Vijijini nao walikuwa na utani wao kuhusu huyu mume wa mtu. Walidai ukirusha fimbo juu ya ukuta wa nyumba ya maskini, ni lazima itampiga mtoto wake mmojawapo. Huo ni utani, si rekodi ya korti. Hadithi za kienyeji hazina adabu, na shujaa bila umbea watu hawamtaki.

Nzi mdomoni

Sasa tuingie kortini, maana huko ndiko jina lilikotengenezwa.

Mimi sheria sijasomea, na chuo chenyewe sikukimaliza, lakini hii kesi nikiisimulia hata wanasheria wananyamaza. Tajiri mmoja amekufa. Ndugu wanatoa wosia unaowapa mali yote. Mashahidi wanapanda kizimbani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaapa kwamba marehemu alipotia sahihi, uhai ulikuwa ndani yake. O'Connell anasikiliza. Anagundua kwamba wote wanatumia maneno yale yale. Hakuna anayesema alikuwa hai. Wote wanasema uhai ulikuwa ndani yake, kama watoto waliokaririshwa.

Akamgeukia shahidi, akamkumbusha kwamba siku moja atasimama mbele ya Mungu, kisha akamwuliza polepole: je, si kweli kwamba mzee alikuwa ameshakufa, na kwamba mlimtia nzi mzima mdomoni? Jamaa akageuka rangi. Akatapika ukweli wote. Walikuwa wamemsubiri mzee akate roho, wakamwekea nzi mdomoni ndipo waape bila kusema uongo, wakaishika kalamu kwa mkono wa maiti.

Ile ya mayai ni ngano tupu. Hii ya nzi imeandikwa hata na watu waliosimulia maisha yake kwa makini, kwa hivyo huenda ina mguu mmoja kwenye ukweli. Lakini jiulize kwa nini wakulima waliipenda sana. Korti ya wakati huo ilikuwa mashine ya wakubwa. Hakimu alikuwa mtu wao. Lugha ilikuwa Kiingereza, na mkulima wa Kerry aliyejua Kiairishi tu alisimama kizimbani akisubiri mkalimani amwambie kama atanyongwa. O'Connell mwenyewe, pamoja na umaarufu wake wote, hakuruhusiwa kuvaa joho la mawakili wakuu kwa sababu ya dini yake, kwa hivyo vijana aliowazidi akili na miaka walimtangulia. Halafu huyo huyo anaingia na kuvunja kesi kwa swali moja. Kumbe hiyo mashine inaweza kuchezewa! Kwa mtu asiye na chochote, kicheko cha namna hiyo ni silaha.

Risasi moja

Ulimi huo mkali ulimponza pia. Mwaka wa 1815 aliitukana halmashauri ya jiji la Dublin kwamba ni ya ombaomba. Mwanachama mmoja, D'Esterre, akajiona ametukanwa yeye, akamwita kwenye pambano la bastola, kama ilivyokuwa desturi ya mabwana. D'Esterre alisifika kwa kulenga shabaha, na maadui wa O'Connell walitarajia kazi iishe asubuhi hiyo. Iliisha kweli, ila aliyeanguka ni D'Esterre. Alikufa baada ya siku mbili.

Watu waliwasha mioto ya kusherehekea. O'Connell hakusherehekea. Alimlipia binti wa marehemu pesa za matumizi kila mwaka hadi mwisho wa maisha yake mwenyewe, na inasimuliwa kwamba alipokwenda kupokea sakramenti alivaa glavu nyeusi kwenye mkono uliofyatua ile bastola. Hakupigana tena na mtu kwa silaha.

Peni moja kwa mwezi

Hapa ndipo anapoacha kuwa wakili tu. Mwaka wa 1823 alianzisha chama cha kudai haki za Wakatoliki. Vyama vya namna hiyo vilikuwepo tayari, lakini vilikuwa vya mabwana wenye pesa. Mwaka uliofuata akaja na wazo rahisi mno hadi wakubwa wakalicheka: kila mtu, hata mkulima maskini kabisa, achange peni moja kwa mwezi. Hakukuwa na simu wala namba ya kutuma pesa. Mchango ulikusanywa mlangoni mwa kanisa Jumapili.

Peni moja haina maana, si ndio? Lakini wewe mwenyewe unajua: ukishaweka shilingi yako kwenye kitu, kitu hicho ni chako. Utauliza kimefika wapi. Pesa ziliingia kwa maelfu ya pauni, na muhimu zaidi, mtu ambaye hakuwahi kuhesabiwa na yeyote sasa alikuwa mwanachama wa kitu.

Mwaka wa 1828 kukawa na uchaguzi mdogo jimbo la Clare. Sheria ilimzuia Mkatoliki kuketi bungeni. Haikusema popote kwamba hawezi kugombea. Ona ule ujanja wa mayai ya kuchemsha, sasa kwenye siasa halisi. O'Connell akagombea. Wakati huo kura hazikuwa za siri, ulipiga ukitazamwa na mwenye shamba unalokodi, na angeweza kukufukuza kesho yake. Bado wakampa kura 2,057 dhidi ya 982. Serikali ya London ikabaki na mambo mawili: ibadilishe sheria au ijiandae kwa vurugu. Aprili 1829 ikabadilisha.

Lakini ilitoza bei. Wakati huo huo walipandisha kiwango cha mali kinachomruhusu mtu wa vijijini kupiga kura, kutoka shilingi 40 hadi pauni 10. Wale wakulima wadogo waliohatarisha mashamba yao ili ashinde walinyang'anywa kura, na O'Connell hakupigania hilo hadi mwisho. Yeye akaingia bungeni, wao wakabaki nje. Kwenye ngano za kijijini hutalikuta sana jambo hili. Mimi naona ni lazima ulijue.

Kikombe cha London

Akiwa mbunge, alihudhuria karamu London. Hadithi inasema maadui zake walimtilia sumu kwenye kikombe. Kati ya watumishi kulikuwa na msichana wa Kiairishi aliyeona kila kitu. Angefanyaje, meza nzima ni ya mabwana wanaosikia? Akaongea kwa Kiairishi, kama mtu anayejiimbia tu, akimwuliza Daniel kama anaelewa lugha ya kwao, kisha akamwambia kikombe kimetiwa kitu. O'Connell akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, akamwahidi mahari nono. Akabadilisha vikombe. Meza nzima haikujua kilichopita.

Tamu, lakini ina mwiba. O'Connell wa kweli, aliyenyonya Kiairishi kwenye kibanda cha mchungaji, hakukipigania. Alihutubia umati kwa Kiingereza. Alisema wazi kwamba Kiingereza kina faida zaidi na kwamba hatasikitika Kiairishi kikipotea. Wanae aliwalea kwa Kiingereza. Sasa angalia watu wa kijijini walivyomjibu. Hawakumlaumu. Walitunga hadithi ambamo hiyo lugha aliyoiona haina kazi ndiyo inamwokoa roho. Wewe unayeongea na nyanya yako kwa simu ukiruka kutoka Kiingereza hadi Sheng ukitafuta neno moja la kikwenu, nadhani umelisikia hilo jibu.

Heshima aliyojipatia nje nayo tusiisahau. Alipinga utumwa bila kupepesa macho, na alikataa kuwapa mkono Wamarekani waliomiliki watumwa, hata ilipomgharimu michango ya Waairishi wa Marekani. Mwaka wa 1845 kijana wa miaka 27 aliyetoroka utumwani, Frederick Douglass, alimsikiliza Dublin. Alimkumbuka na kumsifu maisha yake yote.

Mkutano ambao haukufanyika

Ndoto yake ya mwisho ilikuwa kuirudishia Ireland bunge lake. Mwaka wa 1843 aliitisha mikutano mikubwa ya amani. Pale kilima cha Tara, tarehe 15 Agosti, magazeti yalitaja watu mamia ya maelfu. Hakuna kipaza sauti, hakuna fujo. Mkutano mwingine ungefanyika Clontarf tarehe 8 Oktoba. Siku moja kabla, serikali ikaupiga marufuku, ikaleta askari na meli za kivita.

O'Connell akauahirisha. Akatuma wapanda farasi usiku kuwarudisha watu nyumbani. Hakuna aliyekufa.

Vijana wengi hawakumsamehe. Waliona amerudi nyuma sekunde ya mwisho, na baadaye wakajitenga naye kabisa. Wewe ungefanya nini? Mzee wa miaka 68, aliyeikimbia Ufaransa ya 1793, aliyeona 1798, aliyeua mtu mmoja na kumbeba mkononi miaka 28, anaulizwa kama yuko tayari kuhatarisha watu wengi zaidi. Mimi siwezi kumwita mwoga. Wala siwezi kusema vijana walikosea kukasirika, maana bunge hilo hawakulipata.

Alifungwa hata hivyo, 1844, kwa kosa la kula njama. Mwaka mmoja aliohukumiwa uliishia kama miezi 3, akikaa nyumba ya mkuu wa jela na kupokea wageni, kabla ya London kufuta hukumu. Lakini alitoka akiwa mzee. Mwaka uliofuata ugonjwa ukala viazi vya Ireland. Februari 1847 alisimama bungeni kwa mara ya mwisho, sauti ile iliyojaza vilima imebaki mnong'ono, akiwasihi wawasaidie watu wake kabla robo yao hawajafa. Njaa hiyo iliua takriban watu milioni 1, na wengine kama milioni 1 wakahama nchi.

Yeye hakuiona ikiisha. Alikufa Genoa, Italia, tarehe 15 Mei 1847, akielekea Roma. Aliagiza moyo wake upelekwe Roma na mwili urudi nyumbani. Dublin ilimjengea mnara wa zaidi ya mita 50 makaburini, na barabara kuu ya jiji ina jina lake. Moyo, uliohifadhiwa chuoni huko Roma, ulipotea.

Kilichobaki salama kabisa ni zile stori. Miaka 90 baada ya kifo chake, kati ya 1937 na 1939, watoto zaidi ya 50,000 wa shule za msingi Ireland walipewa kazi ya nyumbani: nenda kwa babu, kwa nyanya, kwa jirani, andika anachosimulia. Walirudi na madaftari yamejaa, na O'Connell alikuwa humo kila mahali, na baadhi yalikuwa kwa lugha ile aliyosema hatailialia. Nchi yake iliyachukua na kuyatunza madaftari hayo. Kwa hivyo mayai bado yanachemka, nzi bado yuko mdomoni mwa marehemu, na yule msichana bado anaimba karibu na kikombe, akimwuliza Daniel kama anaelewa.